Usimhamishe Mildred, Ndiye Spika Yangu ya Katikati

Chumba nambari nne,
Ploti ya Bomba Moja,
Kambi Muru, Kibera.

Kwa Mzee Nderitu, mwenye ploti,
Kawangware.

KUH: SPIKA YANGU UNAYOTAKA KUIHAMISHA JUMAMOSI

Mzee wangu Nderitu, mwenye mabati yote yanayonifunika,

Pokea salamu zangu, na kama umesimama tafadhali keti kwanza. Mimi ni mpangaji wako Jeremy Osewe, yule wa kupaka rangi, ambaye mwaka juzi ulimsifu mbele za watu kwa kuzibua choo bila kutumwa. Tangu siku hiyo sijawahi kukusumbua. Bomba likikauka nimenyamaza, paa likivuja nimeweka karai. Kwa hivyo ukiona nimeshika kalamu, jua maji yamezidi unga.

Nimesikia, tena nimesikia nikiwa wa mwisho kuambiwa, kwamba Jumamosi hii mpangaji wa chumba nambari tisa, Mildred Aketch, fundi wa cherehani, anahamia jengo lako la mawe huko Kawangware. Nimesikia pia kwamba ni wewe mwenyewe uliyempigia simu kumwambia chumba kimepatikana, karibu na ile shule anayoishonea sare. Mzee, sina ubaya na maendeleo ya mtu. Shida ni kwamba Mildred ni spika yangu ya katikati. Ni sheria gani inayomruhusu mwenye nyumba kumng'olea mpangaji spika?

Usidhani nimerukwa na akili. Ngoja nianze mwanzo.

Mwaka jana nilipata kazi ya kupaka rangi nyumba moja Lavington. Chumba kimoja hakikuwa na kitu ila runinga kubwa, kiti kimoja katikati, na spika kila upande. Mwenyewe akaniambia, "Fundi, hebu keti hapo usikie." Nikaketi. Akabonyeza. Mvua ikanyesha, Mzee! Ilinyesha mbele, ikanyesha nyuma ya masikio, ikapita juu ya kichwa, na mimi nikaruka kutafuta karai. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea ukuta ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi. Nilirudi Kibera jioni hiyo nikiwa mtu mwingine. Nilitaka na mimi niwe na mvua isiyolowesha.

Nikaanza kukusanya spika moja moja, na sidhani kuna mtu Nairobi hii aliyewahi kuchagua kwa makini kama mimi. Ya mbele kushoto ilitoka kwa matatu iliyozeeka, na mpaka leo haijui kunong'ona. Ya mbele kulia ilitoka kwa kanisa lililogawanyika. Kila kikundi kilibaki na spika moja, na kile kidogo kikauza yake. Hiyo hata mlango wa choo ukifungwa kwenye filamu, inaufunga kama ule wa mbinguni. Mbili ndogo za pembeni nilizitoa soko la Toi, na moja ilikuwa ikiimbisha ndege kwa pua, nikairudisha nikabadilishiwa. Wufa, ile kubwa ya mishindo mizito, niliichukua kwa dijei wa disko matanga, zile ngoma za msibani, aliyeokoka. Aliiombea kwanza, kisha akaniombea mimi, kisha akaniomba nisiifungulie mpaka mwisho.

Ya katikati, ile inayobeba maneno ya watu, niliipata kwenye kibanda cha video cha Sarang'ombe kilichofungwa. Imesema mengi maishani, hiyo. Ina sauti ya mtu aliyeona mambo na bado ana hamu ya kuyaona mengine.

Kisha nikasoma kijitabu cha maagizo. Kijitabu kilitaka kila spika ikae mbali na msikilizaji, ikiwa na nafasi yake. Mzee, wewe ndiwe uliyejenga chumba hiki, unakijua. Nikinyoosha miguu kitandani, vidole vinapiga hodi kwa jirani yangu Mama Adhis. Nilitafakari siku nzima nikipaka dari la watu, na jibu likanijia juu ya ngazi: chumba hakitoshi, lakini ploti inatosha!

Spika ya pembeni kushoto nikaiombea nafasi kwa Mzee Ojwang, yule soja aliyestaafu. Ya kulia ikaenda kwa Mama Adhis. Na kwa kuwa runinga yangu imeegemea ukuta ninaopakana na Mildred, mgongo kwa mgongo, spika ya katikati nikampelekea Mildred nyuma ya ukuta huo. Niliielekeza kwake, maana spika ikiangalia mabati, mabati yenyewe huanza kuimba na spika hunyamaza kwa aibu. Nilidhani atanifukuza. Aliacha kushona, akaitazama spika, akanitazama mimi, akasema, "Leta tu. Nitakuwa nikishona nikisikia watu."

Hivyo ndivyo ploti yako ilivyogeuka kuwa jumba la sinema bila wewe kuongeza hata msumari. Kulikuwa na tatizo dogo: kila nyumba ilipata kipande chake tu. Mzee Ojwang alipata upepo, ndege na risasi zinazopita, na aliniuliza kwa nini filamu za siku hizi hazina watu. Kwa Mama Adhis magari yalikuwa yakifika bila kuanza safari. Mimi nilibaki na picha, muziki na mishindo. Maneno yote yalikuwa kwa Mildred. Upande wangu yalinifikia kama uji unaochemka jikoni kwa jirani, kwa sababu cherehani yake haipoi.

Lakini hilo halikutushinda. Asubuhi tukikutana kwenye bomba, kila mtu analeta kipande chake, na filamu inaunganishwa kabla mitungi haijajaa. Mzee Ojwang anaeleza hali ya hewa. Mama Adhis anasema nani alifika. Mimi naeleza sura na nguo. Halafu tunamgeukia Mildred, naye anatuambia walisema nini. Na jioni nikikwama katikati ya filamu, nabisha mabati kwa kijiko. Juzi kwa mfano niliuliza, "Mildred! Huyo wa koti amesema nini?" Akajibu, "Amesema chai ya peke yake haina ladha!" Nikauliza, "Na dem wake?" Akasema, "Dem amenyamaza. Anangoja huyo jamaa ajipange." Nikaendelea kutazama nikiwa nimeridhika kabisa. Hata yule bwana wa Lavington hana huduma kama hiyo.

Sasa nitoe malalamishi yangu, kwa heshima na kwa mpangilio.

1. Unaninyang'anya maneno. Filamu bila maneno ni watu wanaofungua na kufunga midomo, na hiyo naweza kuitazama bure nikisimama nje ya benki. Tena si maneno ya ovyo. Kila jioni nimekuwa nikistaajabu jinsi watunzi wa ng'ambo wanavyoyajua maisha yetu. Mama mmoja, amesimama kwenye theluji tupu, alimwambia mumewe kwamba omena ikisahauliwa motoni inakauka, na mtu akisahauliwa ni vivyo hivyo. Rubani wa ndege za kivita aliulizwa na msichana wake mbona kila jioni anarudi na rangi masikioni. Nilishika masikio yangu, Mzee. Siku hiyo nami nilikuwa nayo, tena ya samawati! Nikamwambia Mildred kupitia ukuta kwamba aliyeandika filamu hiyo ni mtu mwenye akili sana, na ningependa kumjua. Cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Sasa niambie, sanaa ya kiwango hicho nitaipata kwa nani?

2. Mtu unayemleta. Msimamizi wako Kitheka ameshatuambia kwamba chumba nambari tisa kinapewa Bwana Mbuthia, mpiga tarumbeta. Nimeambiwa ni mpole, mcha Mungu, na hachomi takataka mlangoni. Yote nakubali. Lakini mtu wa kukaa na spika ya katikati lazima awe na sikio na mdomo, na awe na moyo. Alipokuja kukiona chumba, Mildred akiwa amepeleka sare, nilimfanyia mtihani. Niliwasha filamu, nikabisha mabati, nikauliza, "Amesema nini?" Unajua alijibu nini? Alijibu, "Ati nini?" Mzee, hiyo ndiyo filamu unayonihukumu kuitazama mpaka nizeeke.

3. Amani ya ploti. Huenda hujui, lakini mwezi jana karibu tupigane hapa kwa ajili ya gari moja. Lilikuwa gari jeusi linalotoka kushoto kwenda kulia. Mzee Ojwang alilalamika kwamba yeye ndiye anayeliwasha kila siku na wengine ndio wanaofika. "Mimi nachoma mafuta, Mama Adhis anashuka na viatu safi!" alisema. Mama Adhis naye akasema amechoka kufungiwa breki usoni akipika. Mildred ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia kwamba dereva huyo anakimbia kumwona mama yake aliye mgonjwa. Mzee Ojwang akavua kofia. Mama Adhis akasema basi apite tu, hata usiku, ajisikie nyumbani. Hebu fikiria ploti hii bila maneno: tutabaki na risasi na magari peke yake, na sisi ni watu wenye damu moto.

4. Kwa sababu hizo, naomba uandike kwenye masharti ya ploti kwamba Mildred Aketch ni sehemu ya jengo. Dirisha halihami. Bomba halihami. Hata kile kisiki cha langoni ulichotukataza kuking'oa kimekaa hapo miaka yote na hakijawahi kumwambia mtu neno lolote. Iwapo kisiki kina haki ya kubaki, spika ya katikati ina haki zaidi. Ukitaka, nitaupaka rangi upande wa nje wa chumba chake, rangi yoyote aipendayo. (Ni ya hudhurungi. Aliwahi kusema.)

5. Ikiwa umekataa la nne, basi nipe ruhusa ya kuvuta waya. Nimeshauriana na fundi wa stima. Tutatoka na waya hapa Kambi Muru, tutapanda nao mpaka Ngong Road, tuufuate ukingo wa barabara hadi Dagoretti Corner, tushike Naivasha Road, na tuingie Kawangware kwa mlango wako wa nyuma. Kila penye nguzo tutaomba kwa adabu. Spika itakaa mezani kwa Mildred kama kawaida, na filamu itaendelea. Fundi anasema maneno yatapungua nguvu njiani, lakini nimemwambia maneno ya kweli hayapungui.

Nilikuwa nimefurahi sana na mpango huo, Mzee, mpaka nikaupima vizuri. Waya huo unapeleka tu. Nikibisha mabati kwa kijiko, Kawangware hawatasikia. Kuna jambo jingine ambalo sikukuambia: filamu ikiwa na kichekesho, Mildred hucheka kabla yangu, kwa sababu maneno yanaanzia kwake. Kwa hivyo mimi husikia kicheko kwanza, halafu ndipo nangojea kichekesho. Nimezoea hivyo. Siku hizi kichekesho kisipokuja sijali, kicheko kinanitosha. Sasa hicho kitarudi kwa waya gani? Itabidi kuvuta wa pili, wa kurudisha, na fundi wa stima aliposikia hivyo alianza kufunga vifaa vyake polepole, akiniangalia kwa huruma.

6. Hivyo limebaki suluhisho moja tu, nalo ni rahisi. Hamisha ploti nzima iende Kawangware. Mabati yanafunguka. Mzee Ojwang yuko tayari kubeba upande wake. Mama Adhis ana masharti mawili, lakini yanazungumzika. Tutajipanga kando ya jengo lako la mawe vilevile tulivyojipanga hapa, mimi mgongo kwa mgongo na Mildred. Utakuwa mwenye nyumba wa kwanza Nairobi kupanga wapangaji kwa kufuata kijitabu cha spika, na watu watakuja kutoka mbali kukuona. Kitheka tutampa wufa, maana ni mtu mzito.

Mzee Nderitu, najua utasema, "Osewe, si utafute spika nyingine?" Nimetafuta. Tangu nisikie habari hizi nimezunguka Toi nikizisikiliza zote, kubwa kwa ndogo, mpya na zilizotumika. Muuzaji mmoja aliniwekea spika ambayo alisema unaweza kusikia hata mwigizaji akimeza mate. Nilisikiliza. Kweli alimeza. Nikajikuta nimeshika kijiko mfukoni, na hakukuwa na ukuta wa kubisha. Nilirudi nyumbani nikatazama filamu nusu na sikuuliza neno lolote, naye upande ule hakusema. Cherehani ilikuwa ikienda tu, inasimama, inaenda. Ugali ulinishinda, na wewe unajua mimi si mtu wa kushindwa na ugali. Moyo unaniuma, Mzee, nasema wazi, na haijapata kutokea niumwe na moyo kwa sababu ya vifaa vya stima.

Basi naomba ulifikirie jambo hili kama mzazi. Mpe Mbuthia chumba kingine, kile cha Kawangware umpe mtu mwingine, utuachie mtu wetu. Nisalimie Mama Waceke wa nyumbani kwako, mwambie ile rangi niliyompakia jikoni isioshwe kwa sabuni ya unga. Msalimie Kimotho na watoto wote wa jengo la mawe, walio juu na walio chini. Mzee Ojwang anakusalimu na anasema kwake kunanyesha vizuri. Mama Adhis anakusalimu na anauliza habari ya kile choo.

Ni mimi ninayekuheshimu na nisiyelala usingizi kwa ajili yako,

Jeremy Osewe,
Mpaka rangi, na mtazamaji wa katikati.

Tanbihi: Mzee, barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, na Kitheka alikuwa ameahidi kukuletea, lakini imebidi niifungue tena. Leo Ijumaa jioni Mildred amekuja mlangoni na spika ya katikati, ameifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare. Anapanga vitu vyake. Aliingia, akaiweka juu ya runinga, akaielekeza kwangu. Akasema, "Hii ni yako. Ungeigeuza hivi tu ukae nayo, Osewe, si lazima ikae kwangu." Nikamwuliza kama mabati hayataimba. Akasema, "Jaribu." Akaenda.

Nilijaribu. Mabati hayakuimba hata kidogo. Nikawasha ile filamu ya mtu wa koti, na kwa mara ya kwanza nikasikia kila neno.

Mzee Nderitu, mtu wa koti hakusema jambo lolote kuhusu chai. Alisema tairi limeisha upepo. Nikaweka nyingine. Yule mama wa theluji aliuliza taulo iko wapi. Rubani hakuulizwa habari za rangi masikioni, aliulizwa ni saa ngapi, na hakujua. Na yule dereva wa gari jeusi, ambaye Mzee Ojwang humvulia kofia, hana mama mgonjwa. Ni mwizi wa benki! Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikachungulia mpaka nyuma ya runinga. Omena haimo. Chai haimo. Kungoja hakumo. Hayo yote hayajawahi kuwamo kwenye filamu yoyote. Nilikuwa nimesema kupitia ukuta kwamba ningependa kumjua aliyeyaandika.

Nilikaa hapo masikio yakinichemka. Halafu nikachukua kijiko, nikabisha mabati, nikasema, "Mildred, na huyo dem, bado anangoja?"

Cherehani ilikuwa imeshafungwa. Akajibu, "Una masikio mazito, wewe. Lakini bado."

Kwa hivyo, Mzee wangu, futa malalamishi yote, kutoka la kwanza mpaka la sita. Mildred ahamie Kawangware kesho kama mlivyokubaliana, na mimi ndiye nitakayembebea cherehani. Bwana Mbuthia aje na tarumbeta yake, na aje na amani. Spika zote naziacha hapa, na amplifaya pia. Mzee Ojwang ameshaomba akalie kiti cha katikati, aone hizo risasi zilikuwa zikienda wapi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asiambiwe habari za yule dereva.

Ninauliza jambo moja tu. Hicho chumba chako, kikishakuwa na cherehani, kinatosha watu wawili? Si lazima leo. Mildred anasema kwanza nifike nyumbani kwao, nijieleze mbele ya wazee, na hapo hakuna ukuta wa kujificha. Anasema pia nikukumbushe kwamba huko kuta ni za mawe, mtu akibisha kwa kijiko hasikiki upande wa pili. Nimemwambia hiyo haina shida.